Barua ya Wazi kwa EPRA: Mita za Bomba la Mafuta Zikaguliwe, na Wenye Mto Wasomewe Matokeo

Kwa: Mkurugenzi Mkuu na Bodi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), Nairobi

Nakala: Kampuni ya Kenya Pipeline (KPC), Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), Magavana na mabunge ya kaunti za Makueni na Kitui

Waheshimiwa,

Mei 12, 2015, mafuta yalionekana katika mto Thange, Kibwezi. Walioyaona ni wakazi wenyewe. Bomba lililovuja ni lile la KPC la inchi 14, lililoanza kusafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978. Visima vikaharibika, mashamba ya kando ya mto yakaachwa, na watu waliokuwa wakichota maji mlangoni pao wakaanza kuyangoja kwa lori. Miaka zaidi ya 10 ilipita kabla ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni, Julai 2025, kuamuru kampuni hiyo ilipe takriban shilingi bilioni 3.8.

Barua hii haihusu fidia. Hilo lina mawakili wake na mahakama zake. Inahusu swali lililotangulia fidia na ambalo bado liko pale pale: kampuni inayojua imeingiza lita ngapi upande wa pwani, na imetoa lita ngapi upande wa bara, ilikuwaje habari ya mafuta kupotea itoke mtoni kabla ya kutoka kwenye vitabu vyake? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, na mali ikaisha bila habari vilevile. Kwa hiyo naomba jambo moja: muamuru ukaguzi huru wa mfumo mzima wa kupima mafuta katika bomba la KPC, kuanzia Mtito Andei hadi Sultan Hamud, na matokeo yasomwe hadharani katika kaunti ambazo bomba linazigusa.

Mimi ni fundi wa mita. Nimezifungua, nimezisafisha na kuzirudisha kazini, za maji na za viwandani, na najua namna mita inavyoweza kusema uongo huku inazunguka vizuri kabisa.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili ni letu. Makueni ina vituo vya kusukuma mafuta, vikiwemo vya Mtito Andei na Sultan Hamud. Bomba linapita chini ya mashamba, kando ya reli na barabara kuu ya Mombasa, likivuka mito inayoteremka kuelekea Athi. Thange ni mmojawapo. Na Athi ndio mpaka wetu na Kitui; ng'ambo yake kuna watu wa Ikutha na Mutomo, ambao wakati wa kiangazi hufukua mchanga wa mto ili wapate maji ya kunywa. Kinachomwagika Kibwezi hakijui mpaka wa kaunti. Na hata asiyekaa karibu na mto ana hisa katika jambo hili. Kila tarehe 14 mnatangaza bei ya mafuta, na kanuni ya kukokotoa bei hiyo huacha nafasi kwa mafuta yanayopotea bombani na ghalani. Mwenye bodaboda anayejaza tangi Kitui mjini hulipia lita hizo bila kuziona. Ana haki ya kuuliza nani alizipima.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana tatizo limejificha humo.

Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Metrolojia ya Kisheria (OIML). Mapendekezo ya shirika hilo kuhusu vipimo vya mafuta, yanayojulikana kama R 117, yanauruhusu mfumo wa kupima ulio kwenye bomba ukosee kwa asilimia 0.3 tu. Ni kiwango kikali kuliko cha pampu ya kituo cha petroli, inayoruhusiwa asilimia 0.5. Mtu akisikia asilimia 0.3 hutulia. Lakini chukua bomba linalosukuma lita 1,000,000 kwa saa. Asilimia 0.3 ya hizo ni lita 3,000. Mita ya kuingilia ikizidisha kwa kiasi hicho, na ya kutokea ikipunguza kwa kiasi hichohicho, zote mbili zimetii sheria, na bado tofauti kati yake ni lita 6,000 kwa saa. Kwa siku moja ni lita 144,000: malori manne yenye lita 36,000 kila moja. Hayo ni malori ambayo hayapo popote ila kwenye karatasi, au yapo kweli na yamekwenda mchangani. Kwa kusoma mita hizo mbili peke yake huwezi kujua lipi ni lipi.

Geuza hesabu hiyo uitazame kutoka upande wa shimo. Kutu ikitoboa tundu linalotoa lita 200 kwa saa, yaani dramu moja, hiyo ni asilimia 0.02 ya mafuta yanayopita. Ni mara 15 chini ya kosa ambalo mita moja inaruhusiwa. Hakuna king'ora kitakacholia kwa sababu ya mita hizo. Tundu hilo likiachwa siku 30, ardhi imekunywa lita 144,000. Mpasuko mkubwa hujitangaza: shinikizo linaporomoka ghafla na mitambo inazimwa. Uvujaji mdogo wa muda mrefu ndio unaoingia kwenye visima, na ndio unaoweza kulala ndani ya asilimia ambazo sote tumezizoea.

Wataalamu watasema kuna programu za kompyuta zinazolinganisha shinikizo, joto na mtiririko wa siku nyingi, na kwamba zinaweza kunusa uvujaji mdogo kuliko huo. Ni kweli. Lakini programu hizo hulishwa na vyombo vilevile. Chombo kikipotoka, programu hujifunza upotofu na kuuita hali ya kawaida.

Ndiyo maana nasema ukaguzi wa mfumo mzima, wala si wa mita peke yake. Kosa huingilia milango mingi, na baadhi yake haina hata kishikio cha kuonekana kwa macho.

Mlango wa kwanza ni joto. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.12 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Lita zilizopimwa kwenye joto la pwani si lita zilezile zikifika kwenye baridi ya Nairobi, kwa hiyo hesabu zote hurudishwa kwenye joto moja lililokubaliwa. Kipimajoto kimoja kikikosea kwa nyuzi 1, katika bomba letu la lita milioni moja kwa saa, umeingiza kosa la lita 1,200 kila saa. Mita yenyewe haina hatia yoyote. Mkaguzi aliyeikagua mita na kuacha kipimajoto hajakagua kitu.

Mlango wa pili ni namba zilizomo ndani ya kompyuta ya mita. Kila mita kubwa ina kizidisho chake, namba inayosahihisha tabia yake. Hupatikana kwa kuipima mita dhidi ya pruva. Pruva ni kipande cha bomba ambacho ujazo wake unajulikana barabara. Ndani yake husukumwa mpira unaobana kuta sawasawa. Ukipita swichi ya kwanza hesabu ya mita inaanza, ukipita ya pili hesabu inakoma. Fundi hurudia zoezi hilo, na desturi ya kazi hii ni kwamba mara tano mfululizo zisitofautiane zaidi ya asilimia 0.05. Zikipishana zaidi, mita haina msimamo, hata kama wastani wake unapendeza. Mara hizo zikikubaliana, kizidisho kipya kinaandikwa, tuseme 1.0012, kisha mtu anaketi na kukiingiza kwa vidole. Akikosea akaandika 1.0021, hakuna kilichobadilika pale nje: bomba ni lile, mita ni ile, lakiri haijakatwa, cheti kiko ukutani. Lakini hesabu imekwenda upande kwa asilimia 0.09, yaani lita 900 kwa saa na lita 21,600 kwa siku. Awe amekosea au amekusudia, kinachoweza kumfichua ni kumbukumbu ya nani alibadilisha namba gani, saa ngapi, na kwa idhini ya nani. Kumbukumbu hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo mkaguzi wa kweli huomba.

Mlango wa tatu ni mahali mita ilipofungwa. Mafuta yakitoka kwenye kona au vali na kuingia kwenye mita moja kwa moja, huingia yakijizungusha, na mita nyingi husoma vibaya. Huhitajika kipande cha bomba kilichonyooka mbele na nyuma yake. Kituo kikipanuliwa, pampu ikahamishwa na vali mpya ikawekwa, mita iliyokuwa sahihi jana inaweza kupotoka leo bila mtu kuigusa.

Mlango wa nne ni pruva yenyewe. Nayo huchakaa, rangi ya ndani hubanduka, swichi hulegea. Lazima ipimwe tena dhidi ya kipimo cha juu yake, na hicho dhidi ya kingine, hadi mnyororo ufike kwenye vipimo vya taifa vinavyotunzwa na KEBS. Pete moja ya mnyororo huo ikikosa cheti, vyeti vyote vilivyo chini yake ni mapambo.

Waheshimiwa, sisemi mita za bomba hazikaguliwi. Nasema ukaguzi huo sisi hatuuoni. Mama anayeuza ndengu sokoni Kibwezi hupeleka mizani yake mbele ya afisa wa vipimo kila mwaka. Mizani yake huwekewa mawe ya serikali hadharani, hupigwa mhuri, na asipokuwa na mhuri hushtakiwa kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Mnunuzi wa kilo mbili anaweza kuinama akautazama mhuri huo. Anayepima mamilioni ya lita juu ya chemchemi zetu anapaswa kuwa na mhuri unaotazamika vivyo hivyo.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba si utajiri tunaokosa. Mwaka 2013, huko Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu za visima zaidi ya 60. Kifaa kilihisi mkono unavyopanda na kushuka, kikakadiria maji yaliyotoka, na kutuma habari kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi alijua. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa takriban siku 27 bila kutengenezwa. Katika jaribio lile muda huo ulishuka hadi chini ya siku 3. Kifaa kile hakikuwa na usahihi wa asilimia 0.3, wala hakikukaribia. Kilikadiria tu. Kilichokipa thamani ni kwamba habari yake ilimfikia mtu mwenye spana, na mtu huyo alipimwa kwa siku alizochukua kufika. Usahihi ni jambo moja, kutegemewa ni jingine, na pampu ya mkono ya Kyuso ilitegemeka kwa sababu kila aliyehusika aliona namba zilezile.

Najua jibu litakalotangulia: bomba la zamani limepitwa na wakati, sasa kuna la inchi 20 lililoanza kazi 2018. Ndiyo. Na mwishoni mwa Machi 2019, kabla halijamaliza hata mwaka wa pili, bomba hilo jipya lilivuja Kiboko, papa hapa Makueni, na watu wakakimbilia mafuta wakiwa na madumu. Taifa zima lilikumbuka Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011, moto ulipowaua watu zaidi ya 100 baada ya mafuta ya bomba kuingia kwenye mtaro. Upya wa chuma haukutukinga. Miezi hiyohiyo ya 2018 na 2019, kampuni za mafuta nazo zilikuwa zikizozana na KPC juu ya mamilioni ya lita zilizodaiwa kutoonekana. Matajiri wenye wahasibu na mawakili walipodai ukaguzi wa hesabu zao, hakuna aliyewaona wakorofi. Nasi tunadai huohuo.

Tunachoomba kiwe na masharti haya:

1. Mkaguzi awe taasisi iliyoidhinishwa na Huduma ya Kitaifa ya Ithibati (KENAS), isiyouza mita, isiyozitengeneza na isiyo na zabuni nyingine KPC. Alipwe kupitia EPRA. Anayekaguliwa asimchague anayemkagua.

2. Itolewe orodha ya kila mita, kipimajoto, kipimashinikizo na pruva kati ya Mtito Andei na Sultan Hamud: aina yake, tarehe ya kupimwa mara ya mwisho, kosa lililokutwa kabla ya kurekebishwa, na mnyororo wa vyeti hadi KEBS. Nasisitiza kosa la kabla ya kurekebishwa. Cheti kinachoonyesha hali ya baada ya fundi kumaliza kazi hakituambii mita ilidanganya kiasi gani mwaka mzima uliopita.

3. Kumbukumbu za mabadiliko ya namba katika kompyuta za mita zisomwe zote za angalau miaka mitatu, na kila badiliko lisilo na sababu iliyoandikwa litajwe.

4. KPC itamke kwa maandishi uvujaji mdogo kabisa ambao mfumo wake unaweza kuugundua, kwa lita kwa saa, na baada ya saa ngapi. Kisha tamko hilo lijaribiwe. Mafuta ya kiasi kinachojulikana yatolewe bombani kwa utaratibu salama, ndani ya kituo, bila wanaolinda skrini kuarifiwa, na saa ihesabiwe hadi king'ora kilie. Njia hii inajulikana duniani kote kwa wenye mabomba. Ni jaribio la siku moja, nalo lina ukweli kuliko ripoti ya kurasa mia.

5. Maafisa wa vipimo na mizani wa kaunti za Makueni na Kitui wawepo jaribio likifanyika, pamoja na wawakilishi wa wakazi wa Thange na Kiboko.

6. Baada ya hapo, kila mwezi kitolewe kipande kimoja cha hesabu kwa sehemu hii ya bomba: kilichoingia, kilichotoka, tofauti, na kiasi cha shaka kilichomo katika vipimo. Kiandikwe kwa Kiswahili na Kikamba, kibandikwe katika ofisi za wadi na za chifu.

Kuna pingamizi mbili ambazo nazijibu mapema. Ya kwanza ni usalama: mtasema wezi wa mafuta watajua kiasi wanachoweza kufyonza bila kugunduliwa. Hesabu ya mwezi uliopita haimsaidii mwizi wa leo. Naye anayejua kutoboa bomba lenye shinikizo hajifunzi kazi hiyo kwenye ubao wa chifu. Ikiwa kiasi kinachofichika ni kikubwa hadi kukitaja ni hatari, basi hatari ni kiasi hicho, na dawa yake ni kukipunguza. Ya pili ni gharama. Pruva ipo, mita zipo, wahandisi wapo. Kinachoongezwa ni mkaguzi na siku zake. Wekeni gharama hiyo kando ya bilioni 3.8, halafu mwambieni mlipa kodi ipi ni nafuu.

Nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia KPC peke yao kwa sababu uwezo mnao. Nyinyi ndio mnaoidhinisha tozo ambayo KPC hulipisha kwa kila lita inayopita bombani, na tozo hiyo hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu, wananchi wakiitwa kutoa maoni. Iwekeeni sharti jepesi: ombi la tozo lisipokelewe mpaka liwe na ripoti ya ukaguzi huu, na sehemu ya upotevu katika bei ya mafuta isizidi kile ambacho mkaguzi huru amekithibitisha. Kampuni ikijua kwamba lita isiyo na maelezo hailipwi na mwenye bodaboda, itazitunza mita zake bila kusukumwa na mahakama.

Kwa magavana na madiwani wetu, neno ni fupi. Msingoje Nairobi. Mna maafisa wa vipimo na mizani, mna kamati za mazingira, na mna haki ya kuita kampuni yoyote inayofanya kazi katika ardhi ya kaunti ije ijieleze. Makueni na Kitui ziketi pamoja katika hili, maana mto wenyewe umekwisha kuziunganisha.

Tunaomba jibu la maandishi lenye tarehe tatu: siku mkaguzi atakapoteuliwa, siku ya jaribio la king'ora, na siku ripoti itakaposomwa Kibwezi. Kama jibu ni hapana, tupeni sababu zake kwa maandishi pia, ili tuziwasilishe mtakapokuja kuomba maoni yetu juu ya tozo ijayo.

Wenu,

Fundi wa mita, mkazi wa Kibwezi